Jina Linaloachwa Kambini

Newala, 8 Februari 1953

Kaka yangu Barnaba,

Shikamoo. Na shemeji Julia mfikishie shikamoo yake, Ida nibusie shavu moja, jingine mwachie Danieli wangu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa habari ya maji ndiyo ile ile. Mvua inanyesha kwa kubahatisha, mapipa hayajai, na bado tunashuka bonde lote kwenda kuteka kama alivyokuwa akishuka marehemu Mama. Goti langu la kushoto limeanza kugombana nami kila nikipanda na mtungi. Mhogo umeshika vizuri. Anselmo hajaandika tangu Krismasi, lakini watu waliotoka kwenye mkonge wanasema mume wangu yupo, amenenepa, na amenunua kofia. Nimefurahi sana kwa ajili ya kofia.

Dastani anamwulizia kaka yake kila tukikaa kula. Nimemwambia amekwenda kwa mjomba kusoma. Ameniuliza kusoma ndiyo nini, nami nikamwambia ni kama kuwinda, unakaa kimya muda mrefu. Ameridhika.

Sasa neno lenyewe. Siku ile nilipokukabidhi mtoto nilitaka kukwambia, ila lori lilikuwa linapiga honi na Mjomba Cuthbert alikuwa amesimama pale na fimbo yake, na mbele ya kaka wa Mama siwezi kufungua kinywa juu ya mambo ya jando. Kwa hiyo naandika. Najua shuleni utamfundisha kuandika Danieli, jina la ubatizo. Hilo sina haraka nalo, atakuwa nalo mpaka aote mvi. Ninalolitaka mimi ni Chilumba. Hilo nilimpa mwenyewe siku aliyozaliwa, na hilo ndilo nililoita miaka saba nikimtafuta kwenye mikorosho. Akiingia jando litabaki huko huko kambini. Atatoka na jingine, na siku nitakayojisahau nikamwita Chilumba nitakuwa nimemtukana mbele za watu. Sibishi, ndivyo tulivyo. Lakini nataka aliandike kwa mkono wake mwenyewe, kwenye karatasi, mara moja tu, nami niliweke. Baada ya hapo mfanyeni mwanamume.

Basi nakuomba, Kaka, mwaka huu asiingie. Aandike kwanza.

Ni mimi dada yako,
Isabela


Chiwata, 15 Machi 1953

Mama Danieli,

Marahaba, dada yangu. Barua yako imelala kwa Nurdini pale Nanganga wiki nzima. Karani huyo wa lori kila siku ana kisingizio, na safari hii ni tairi. Julia amepokea shikamoo na anasema marahaba, anakutumia mbegu za mbaazi, zipo ndani ya kitambaa hiki. Ida ameota jino la mbele kwa pembeni, anacheka amefumba mdomo. Shemeji Anselmo mwambie amenunua kofia, sasa anunue na bahasha.

Mtoto wako ni mzima na anakula. Siku ya kwanza alishika chaki kama anayeshika mpini wa jembe, nikadhani ataitia ardhini. Darasa la kwanza ni wengi na vibao vya kuandikia havitoshi, kwa hiyo asubuhi tunatoka uani tunaandika mchangani kwa kidole, kila mtoto na kiwanja chake. Wako ana tabia yake. Nikikaribia analala kifudifudi juu ya alichoandika, nisije nikaona kosa. Anarudi nyumbani kila siku na mchanga tumboni. Danieli anaiandika mpaka katikati, kisha anachoka, ananiambia nimalizie mimi kwa kuwa ndiye mjomba.

Chilumba tunaifanya nyumbani baada ya chakula, kwenye uwanja wa Julia. Juzi ameniuliza mtu akilikanyaga jina lake, yeye ataumia? Nikamwambia haumii. Hata hivyo Julia ameacha kufagia upande ule. Siku mbili tatu tunaamka tunakuta kuku wamelipekua, naye anakwenda kuwafukuza kuku wote wa kijiji, wa kwetu na wa jirani, kwa haki kabisa.

Ukilinganisha na wenzake si mwepesi, sikufichi. Ila hakati tamaa, na mwalimu anampenda mtoto wa namna hiyo kuliko mwepesi.

Habari ya jando ni mapema mno. Watu wa hapa hawajakaa kuzungumza. Usijisumbue.

Kaka yako,
Barnaba


Newala, 26 Aprili 1953

Kaka Barnaba,

Shikamoo. Mbegu zimefika, nimezipanda kando ya njia. Pasaka tulikula nyama, Mjomba Cuthbert alichinja mbuzi, kila mtu akasema asante mara mbili kwa sababu anapenda kusikia. Dastani ana chawa, nimemnyoa.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nimecheka sana habari ya kuku. Lakini umenijibu yote ila moja. Nakujua, Kaka. Tangu utotoni ukivunja chungu ulikuwa unaanza kusifia chakula. "Usijisumbue" si jibu. Nataka uandike: hataingia mwaka huu.

Kuna na jingine. Mtoto huyu ana damu isiyokatika. Sijui kama umeiona. Mwaka juzi aliangukia kinu, mdomo ukachanika kidogo tu, damu ikatoka tangu asubuhi mpaka kesho yake. Nikaweka majivu, nikaweka utando wa buibui, bibi mmoja akaniletea majani, wapi. Ilikatika ilipotaka yenyewe. Puani ndiyo usiseme. Nikamkumbuka ndugu yetu Silvano, Mungu amrehemu. Najua hatajwi, tangu alipoingia jando pamoja nawe asirudi, na sisi wanawake hatukuambiwa neno. Siulizi. Nasema tu kwamba nilikuwa mtoto wa kufua mashati yake, na mashati ya Silvano yalikuwa na damu ya pua wakati wote. Chilumba ni vivyo hivyo.

Basi, aliyeona zaidi yangu na afikirie.

Isabela


Chiwata, 24 Juni 1953

Mama Danieli,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Nimechelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi. Mapema mwezi huu tulikuwa na sherehe ya kutawazwa kwa Malkia, watoto waliandamana na bendera za karatasi, wakapewa biskuti mbili mbili. Wako alikula moja, nyingine akaiweka akisema ni ya Dastani. Panya waliila. Mavuno ya karanga si mabaya. Julia alikuwa na homa, amepona.

Dada, mtoto ameingia kambini Jumatatu hii iliyopita, pamoja na wenzake kumi na wanane. Nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa Nurdini. Mjomba Cuthbert alituma neno tangu Mei kwamba mtoto aingie, na neno la mjomba wetu unalijua uzito wake, ndiye mkubwa wa ukoo, mimi ni mjomba mdogo tu. Nalo si hilo peke yake. Mimi ni mwalimu hapa. Nikimficha wangu, wazazi watasema watoto wao ndio wa kwenda porini, wa mwalimu ni wa kuandika, na wapo waliotoa watoto shuleni kwa jambo dogo kuliko hilo. Jando la kanisa, lenye dresa wa misheni wa kutibu vidonda, mwaka huu upande wetu halikuwapo. Ningengoja lipi?

Jina ulilolitaka ameliandika. Nakwambia kweli tupu. Alhamisi kabla ya kuingia aliokota mkaa, akaandika kwenye ukuta wa jiko la Julia, kubwa, linapanda juu kama linataka kutoka nje kupitia paani, lakini herufi zote zipo na zote zinasomeka. CHILUMBA. Hakulala juu yake. Aliita majirani waje waone. Kwenye karatasi tulipanga tufanye Jumapili baada ya ibada, nilikuwa nimeshachana ukurasa mzuri. Wazee wakaja Jumamosi jioni kumchukua kwa matayarisho.

Leo nimetoka kumwona. Amechoka, kama watoto wote.

Kaka yako,
Barnaba


Newala, 19 Julai 1953

Kaka,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu nilifundishwa.

Mjomba Cuthbert anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mei yote alikuja kunywa togwa barazani pangu, akisifu ilivyochachuka, asiseme neno. Na wewe Mei yote hukusema neno. Mmenipitia wote wawili, mmoja kulia, mwingine kushoto. Nimekasirika na nitakaa na hasira yangu, lakini siwezi kuikasirikia kazi ikiwa imeshaanza, kwa hiyo nafanya sehemu yangu.

Tangu barua yako ilipofika nimeacha chumvi. Sijapaka mafuta, sijachana nywele, nalala chini. Mhogo naula mkavu na ming'oko ninayochimba porini naichemsha maji matupu. Unajua mwenyewe, mama akionja chumvi, kidonda cha mwanawe kinachelewa. Wanawake wa hapa wananicheka, wanasema mtoto yuko Chiwata, chumvi ya Newala itafikaje. Nawajibu itafika, barua inafika.

Nasema asante kwa ukuta. Mwambie Julia asiukandike mpaka nije niuone.

Karatasi najua haiingii kambini, na jina lile sasa halitamkwi. Sitaki karatasi tena. Nataka unijibu moja. Nilikuandikia mwezi wa nne habari ya damu. Katika barua yako ya Juni umetaja karanga, umetaja Malkia, umetaja panya. Damu hukuitaja. Ilikatika?

Isabela


Chiwata, 30 Agosti 1953

Dada yangu Isabela,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, nikitumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mikorosho imeanza kutoa maua, na kama upepo hautakuwa mkali tutapata kitu. Mwalimu mwenzangu amenunua baiskeli, ameanguka nayo mara kadhaa na sasa anaisukuma tu akienda nayo kanisani. Ida anajifunza kushona kwa akina mama wa misheni.

Kambi inaendelea vizuri. Walezi ni watu wazima wanaoijua kazi yao, na watoto wanafundishwa adabu na nyimbo kama inavyotakiwa. Mambo mengine, dada, si ya kuandikwa, unaelewa. Wanatarajiwa kutoka Oktoba.

Nurdini ameniambia alikuona sokoni, umekonda mpaka hakukutambua. Nimehuzunika sana. Usijitese. Bonde ni refu na mtungi ni mzito, mwili hauwezi kufanya kazi hiyo bila nguvu. Nakuomba kama kaka yako, kula chumvi. Julia amekupakia chumvi na samaki wakavu, nimempa Nurdini akuletee mkononi.

Mungu akulinde wewe na Dastani.

Barnaba


Newala, 13 Septemba 1953

Kaka Barnaba,

Chumvi imefika.

Nimeiweka juu ya kinu, naitazama. Mwanao mkubwa alipokuwa kambini ulimkataza Julia hata kuonja mchuzi wa wageni. Alinieleza mwenyewe jinsi ulivyomwaga sufuria nzima nje kwa sababu jirani alitia chumvi kwa kusahau. Mtu huyo huyo leo ananiambia nile, na ananiletea mpaka mlangoni.

Hakuna mwanamume wa kwetu atakayemwambia mama ale chumvi mtoto wake akiwa kambini. Atamwambia kama mtoto hayumo.

Nimeisoma barua yako tena na tena. Umeandika watoto, umeandika kambi, umeandika walezi. Mtoto hukumwandika. Hata mimi umeacha kuniita Mama Danieli.

Niambie yumo. Andika neno moja tu, yumo, usihangaike na salamu. Nitampa Nurdini jogoo akileta jibu upesi.

Chumvi sijaila. Mpaka utakaponiambia, siili.

Isabela


Newala, 8 Novemba 1953

Kaka,

Hukujibu, nikaja. Uliniona na nilikuona, lakini pale hapakuwa mahali pa kusema, kwa hiyo nasema sasa.

Nilishuka na lori mpaka Nanganga, nikatembea. Nilifika asubuhi ya watoto kutoka kambini, Julia akanipokea akiwa amejifunika kanga mpaka machoni. Tukasimama na akina mama wengine. Watoto wakaja na nguo mpya, vichwa vinang'aa mafuta, wameinamisha nyuso. Kila mmoja akitajwa jina lake jipya, mama yake anapiga vigelegele na kumkimbilia. Nami nilikuwa nimejiandaa, Kaka. Njia nzima nilijifunza kupokea jina nisilolijua. Nilisema likitajwa lolote, nitajua ni lake kwa sababu nitamwona yeye. Wakaisha. Wanawake wakaanza kuondoka na watoto wao. Mzee mmoja akaja, akaweka bakuli la Julia chini mbele yangu, amelipindua. Hiyo ndiyo habari niliyopewa ya kifo cha mwanangu. Wewe ulikuwa umesimama upande wa wanaume unatazama viatu vyako.

Julia alilia kuliko mimi. Aliniambia miezi yote ile alikuwa anapika, anapeleka bakuli njia panda, na bakuli linarudi tupu. Alikuwa anafurahi, anasema mtoto anakula. Nani alikuwa anakula, Kaka?

Ukuta wa jiko umekandikwa kwa udongo mwekundu. Julia anasema aliamriwa, na wewe ndiye uliyechota udongo.

Sikuandiki kukulaumu. Nililaumu njia nzima ya kurudi, nimechoka. Naandika kwa sababu ya Dastani. Wiki iliyopita jembe lilimgusa kidole cha mguu, jeraha dogo, hata kulia hakulia. Damu imekatika siku ya tatu. Na Mjomba Cuthbert ametangaza kwamba mwaka ujao jando ni la hapa Newala, na Dastani ataingia, japo mdogo, kwa kuwa halitafanyika tena karibuni. Nikamwambia mtoto huyu ana damu. Akaniambia kila mtu ana damu.

Wewe ulikuwa kambini na Silvano. Mlilala chini ya paa moja. Mimi sijui alikufaje, Mama alikufa hajui, na hakuna mwanamke wa ukoo wetu anayejua. Nikijua, nitakuwa na la kumwambia Mjomba. Silvano alikufaje? Nijibu hilo, mengine nakusamehe usiyajibu.

Isabela


Chiwata, 6 Desemba 1953

Mama Dastani,

Shikamoo hukuniandikia safari hii na sikustahili.

Ya kambini hayatoki. Niliapa nikiwa mtoto na sijawahi kuvunja, hata kwa Julia, hata kwa padri. Nimeandika barua hii na kuichana siku nyingi. Sasa naandika bila kusoma nilichoandika.

Silvano alikufa kwa damu. Tulikatwa asubuhi moja, mimi nikiwa mbele yake. Yangu ikakatika, yake haikukatika. Alikuwa ananiomba maji, nami nilikatazwa kumpa, nikatii. Kisha akaacha kuomba. Walimzika huko huko na sisi watoto tukaambiwa tukitamka mama zetu watakufa.

Mwanao ni hivyo hivyo. Siku nilipokuandikia kwamba amechoka, alikuwa amelowesha kwa damu matandiko matatu ya majani. Niliwaomba wazee wamwite dresa wa misheni. Wakasema mtu wa nje haingii. Ningeweza kumbeba nikatoka naye, dada. Alikuwa mwepesi. Nilisimama pale, mtu mzima, mwalimu, nikaogopa nitakavyosemwa. Alikufa Ijumaa, kabla jua halijapanda.

Barua yako ya Aprili niliisoma na nikaelewa ulichokuwa unaniambia. Nikajiambia pua ni pua, na hii ni habari nyingine. Nilijua si nyingine.

Umeniuliza nani alikuwa anakula. Wenzake walikuwa wanagawana. Siku moja nilikuwapo mimi, watoto walikuwa wamepelekwa mbali, na bakuli lilitakiwa kurudi tupu. Nikala mimi. Ulikuwa ugali na kisamvu. Nilimaliza.

Mpelekee Mjomba Cuthbert barua hii. Msomee yote. Mwambie Barnaba ameandika kwa mkono wake na hatakana. Watakalonifanya watanifanya, lakini Dastani asiguswe.

Barnaba


Newala, 10 Januari 1954

Kaka Barnaba,

Shikamoo. Mwaka mpya umetukuta hai. Mvua imeanza vizuri safari hii, pipa limejaa mara mbili. Goti ni lile lile.

Barua yako nilimpelekea Mjomba. Nilikwenda mchana, nimevaa vizuri, nikakaa kwenye mkeka, nikamsomea tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza ameshika fimbo kati ya magoti. Nilipotaja Silvano alitazama mlangoni kuona kama kuna mtu. Nilipomaliza hakusema ni uongo, Kaka. Nilikuwa nimejiandaa aseme ni uongo.

Alisema, "Mwanangu, nani alikupa ruhusa ya kuyasoma maneno haya?"

Nikamwambia yameandikwa kwangu.

"Yamekosea njia," akasema. Akanyoosha mkono, nikampa. Akaitia motoni, chini ya chungu cha mkewe, akaikoroga kwa ncha ya fimbo mpaka ikaisha. Kisha akaniambia kwa upole, ndiyo, kwa upole kabisa, kwamba Silvano alikuwa mpwa wake naye alimlilia kwa namna yake, kwamba wapo wanaovuka na wapo wasiovuka, na mwanamume ambaye hakuingia hana wa kumwoza wala wa kumzika. "Unataka Dastani awe mtoto mpaka afe?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akadhani natania. Wewe utaitwa, amesema. Sijui watakufanya nini. Usije peke yako.

Nilikwenda pia kwa dresa wa hapa. Nilitaka anikatie mtoto yeye, kwa dawa, kimya kimya, iishe. Alimtazama kidole, akauliza maswali mengi juu ya Chilumba na juu ya Silvano, nikajibu yote, kwa kuwa sasa nayajua. Akasema mtoto wa namna hii asikatwe na mtu yeyote, hata yeye, dawa yake hana. Nikamwomba aende akamwambie Mjomba. Akasema yeye ni mgeni hapa, na naye ana watoto.

Anselmo hatimaye ameandika. Anasema Mjomba afanye anavyoona, na anauliza kama korosho zimeuzwa.

Nimefikiri kumchukua Dastani nikaondoka naye. Nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Mwanamke wa kwetu akikimbia na mtoto anakimbilia kwa kaka yake, na kaka yangu ni wewe.

Chumvi nakula siku hizi. Haina ladha, lakini nakula, maji hayajiteki.

Dastani hajui lolote. Anaimba nyimbo za jando alizosikia kwa wakubwa, anataka kwenda hata kesho. Jana alivunja kijiti, akakaa chini pale penye udongo laini karibu na pipa, akaniambia, "Mama, nifundishe kuandika jina langu, kama kaka."

Nikakumbuka nilivyokuandikia ya kaka yake, aandike kwanza, baada ya hapo mfanyeni mwanamume. Nimemwambia bado.

Dada yako,
Isabela